Watu wa Mbwa na Watu wa Baraza

Tangu Jumatano watu wananipa pole. Wanasimama mlangoni pa mgahawa wangu hapa Kasulu, wananishika mkono kwa mikono miwili, wananiambia, "Pole sana mama Domitila, umempoteza mzee wako." Nami nawajibu, "Asante, nimeshapoa," kwa sababu huwezi kumrudishia mtu pole yake mkononi. Lakini moyoni nauliza, pole ya nini? Mzee wangu tangu lini? Mwalimu Mwinchande alinifundisha mwaka mmoja tu, katika chuo kidogo cha ualimu kilichokuwa kwenye njia ya kwenda Heru Juu, chuo ambacho siku hizi kimebaki kuta na nyasi. Uzeeni akawa anakula kwangu kila mchana mpaka alipolazwa, na watu wakaona hivyo wakasema, tazama upendo wa mwanafunzi. Upendo! Sikumpenda hata siku moja. Marehemu hasemwi vibaya, najua, mimi pia nimelelewa. Lakini huyu nitamsema, kwa sababu alinisema mimi nikiwa hai, nimesimama mbele yake, na watu wakacheka.

Habari za ukoo wangu niziache. Wazazi walivuka mpaka wa Burundi na magunia, mimi nikazaliwa upande huu, basi. Ninachotaka kueleza ni kile chumba. Tulilala wasichana wanne, vitanda viwili vya chuma vya juu na chini, dirisha moja lisilofunga vizuri, na katikati sanduku la mbao tulilolifanya meza. Jumamosi mama yake Leokadia, mwenzetu wa chumba kile, alikuwa akitutumia maharage yaliyoungwa kwa mawese, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitenge, na kabla kifuniko hakijaguswa mmoja wetu alikuwa anainuka kufunga mlango. Hakuna aliyetuamuru. Huku kwetu, uwe Muha, uwe Mrundi, chakula huliwa ndani, mlango umefungwa. Si uchoyo, maana mgeni akipiga hodi ataingia na atakula. Ila mdomo unaotafuna si kitu cha kuonyesha watu wapitao. Anayekula nje, popote anapokipata, ni mbwa, na tulikuwa tunaambiwa hivyo tangu tukiwa wadogo. Siku hizi vijana wanakula chipsi juu ya bodaboda huku wanaendesha, na mimi nawatazama nanyamaza, lakini wakati ule ilikuwa hivyo, na kwa watu wa rika langu bado iko hivyo.

Na ualimu niliutaka, jamani, niliutaka kuliko kitu chochote. Wengine waliutaka kwa mshahara. Mimi niliutaka kwa sababu mwalimu ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona anaingia nyumba yoyote ya kijiji, awe ametoka wapi, na anawekewa kiti ndani. Sisi tuliozaliwa kwa waliovuka tulikuwa tunapokewa uani. Tulipewa maji, tulipewa maneno mazuri, lakini uani. Nikajiambia, nikipata cheti hicho nitakuwa mtu wa ndani. Leokadia alikuwa binti wa Heru Juu kwao kabisa, mashamba ya migomba mpaka bondeni, na hakuelewa kwa nini nilikuwa nasoma mpaka macho yanavimba. "Wewe Domi unasoma utadhani unafukuzwa," alikuwa akinitania, nami nacheka naye, kwa sababu wakati huo tulikuwa bado tunachekeana.

Jumapili moja nilikuwa narudi kwa miguu kutoka kijiji cha Titye, sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Mama mmoja alikuwa anachoma muhogo kando ya shamba lake, akaniona nilivyo, akanipa kipande. Nilipaswa kukifunga kwenye kanga nikakile chumbani. Nilijua hivyo. Nikakifunga, nikatembea kidogo, harufu ikanishinda, nikakifungua. Nikala huku natembea, katikati ya barabara, kwa pupa, masizi mpaka mashavuni. Kwenye kona ya kuingia Heru Juu nikakutana uso kwa uso na Leokadia na mama yake, wametoka kanisani, wamevaa nguo zao za kupendeza. Mtu mzima huku kwetu unamwamkia kwa kupiga makofi taratibu, umeinama. Mimi mkono mmoja umeshika muhogo, mdomo umejaa, sauti haitoki. Mawe, mama yangu! Wote wawili wakageuza nyuso wakatazama migombani, ndivyo adabu inavyotaka: mtu anapojiaibisha usimtazame. Wakapita. Jioni nilipofika chumbani nikasikia sauti ya Leokadia kabla sijafungua mlango. "Mama ameniuliza, huyo ndiye unayelala naye chumba kimoja? Nikasema, kitanda cha juu. Akasema, basi uangalie vyombo vyako." Wenzake wakacheka. Nilizunguka nyumba, nikaketi karibu na bomba mpaka kicheko kikaisha.

Kesho yake tulikuwa na falsafa ya elimu. Mwalimu Mwinchande alikuwa mtu wa pwani, upande wa Pangani, shati jeupe lisilo na kunyanzi, kofia ya kufuma kwa mkono, na Kiswahili ambacho alikijua ni kizuri. Kiswahili chetu alikuwa akikisikiliza amefumba jicho moja, halafu anasema, "Hicho mmekiokota wapi, njiani?" Siku hiyo alikuwa anafundisha madhehebu ya wanafalsafa wa Kiyunani na maana ya majina yao. Akaandika ubaoni: Wastoiko. Tulifurahi, maana wengi wetu tuliwajua kutoka kwenye Matendo ya Mitume. Akasema jina hilo linatokana na baraza, ukumbi wenye nguzo, kwa sababu walifundishia barazani mbele ya watu wote. "Hawa ni watu wa kwetu," akasema, amejipiga kifua. "Mstaarabu ni mtu wa baraza. Kwetu mtu mwenye heshima zake haketi chumbani kama kuku anayeatamia." Kisha akaandika: Wasiniki. Akasema hawa jina lao linatokana na mbwa. Watu waliwaita hivyo kwa sababu hawakuwa na kwao, walilala popote, na walikula sokoni na njiani bila haya. Na wao, badala ya kukasirika, wakalikubali jina.

Leokadia akanyosha mkono. Nikauona ule mkono unakwenda juu, nikajua. "Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "huyo hata sisi tunaye." Darasa likalipuka. Mwalimu Mwinchande akasubiri, akauliza ni nani, na akasimuliwa, muhogo, masizi, mdomo uliojaa mbele ya mtu mzima. Akaniambia, "Simama tukuone." Nikasimama. "Haya, bibie, tufundishe. Muhogo wa njiani na wa nyumbani, upi mtamu?" Akacheka, meno yake mazuri yale, akasema, "Basi jina umelipata. Msiniki wetu." Watu husema labda alikuwa anatania tu, hakujua uzito wake. Alijua sana. Kwao nao mbwa akikugusa unanawa mara saba. Na tangu siku hiyo, alipokuwa akiita majina asubuhi, alikuwa anafika kwangu anaita, "Msiniki?" Nisipoitika ananihesabu sikuwepo. Nikavumilia siku mbili bila kuitika, ya tatu mkuu wa chuo akaniita kwa utoro. Ya nne nikaitika, "Nipo, mwalimu." Sauti yangu mwenyewe hiyo.

Sijui kama ninyi mmewahi kuona kundi la watu wema likipata mtu mmoja wa kumfanyia ubaya. Maana walikuwa wema, naapa. Waliombeana, waliazimana sabuni. Lakini Jumapili, siku ya nyama, mifupa yao ilikuwa inahamia sahani yangu nikigeuka kuchota maji. Mara nyingine niliikuta kitandani, imefungwa vizuri kwenye karatasi kama zawadi. Nikipita kwenye ukumbi mtu anapiga mluzi ule wa kuita mbwa, na mwingine anasema, "Acha bwana, ni dada wa watu," halafu anacheka kwa sauti kuliko wote. Nikamfuata Mwalimu Mwinchande ofisini. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, mlango wazi, kiti amekisogeza nje nusu. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba uniite kwa jina langu." Akaweka kikombe. "Marahaba. Msiniki wa kweli haoni haya," akasema taratibu, kama mtu anayenisaidia. "Ukiona haya, basi wewe si mwanafalsafa. Wewe ni mbwa tu." Nikasema asante mwalimu. Ndiyo, nilimshukuru. Tulikuwa tumefundishwa kushukuru.

Nilijipa moyo kwamba mazoezi ya kufundisha yataniokoa. Nilipangwa Busunzu, upande wa Kibondo, na huko hakuna aliyenijua. Ningeingia darasani na chaki yangu, watoto wangesimama, jina langu lingekuwa Mwalimu Domitila. Aliyenitangulia kwa siku moja ni Leokadia. Tulipangiwa nyumba moja, ya bibi mmoja mjane, Anastazia, mwanamke mpole mwenye chumba cha udongo kilichosilibwa vizuri na jiko lililonukia moshi wa mti mbichi. Jioni ya kwanza niliona vikombe viwili tu mezani, cha Leokadia na cha bibi. Bibi Anastazia akanijia na sahani ya ugali wa muhogo na dagaa, ameifunika kwa sahani nyingine, akaiweka nje, kwenye kibaraza. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, na nawaambia hakukuwa na ubaya wowote usoni pake, "mwenzako amenieleza. Mimi simlazimishi mtu kuacha alivyozoea." Akaingia, akafunga mlango. Nikasikia kijiti kinapita kwenye komeo. Ndani Leokadia akasema kitu, bibi akacheka kidogo, vijiko vikaanza.

Kwa nini sikugonga? Nimejiuliza maisha yangu yote. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kuamini. Nikala pale nje, jioni bado ina mwanga, na njia ya kutoka shuleni inapita hapo hapo. Watoto wa darasa la tatu wakapita wakitoka kuchota maji, wakaniona, mwalimu wao mpya, anatafuna kibarazani mlango umefungwa nyuma yake. Watoto wa Busunzu hawakuhitaji kusoma Kiyunani. Wiki iliyofuata nilipokuwa nikigeukia ubao, kuna aliyebweka, sauti ndogo, ya nyuma kabisa. Nikageuka, kimya. Nikarudi ubaoni, wakabweka wawili. Siku Mwalimu Mwinchande alipokuja kunikagua aliketi nyuma na kofia yake, mguu juu ya mguu, na nilipoandika tarehe darasa zima likabweka. Nilimtazama yeye, si wao. Nilikuwa namwomba kwa macho. Alikuwa anacheka, jamani, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa leso. Alipotulia akaandika matokeo, akanieleza nje kwa Kiswahili chake kizuri: "Mwalimu asiyestahiwa na watoto si mwalimu. Tafuta kazi nyingine, bibie." Sikuruhusiwa kurudia. Leokadia alifaulu vizuri sana.

Basi nikapika. Nilianza na maandazi, nikaishia na mgahawa, pazia zito mlangoni, meza zote ndani, kwa sababu nawajua watu wangu. Wazee wa Kasulu wanaingia, pazia linashuka, wanakula kwa heshima zao. Leokadia akawa mwalimu mkuu, akastaafu, nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Na siku moja, mvi zimenijaa, pazia likafunuliwa na kofia ya kufuma ikaingia. Alikuwa amebaki peke yake, mke ameshakufa, nyumba ya kupanga, na pwani akaona haya kurudi mikono mitupu. Hakunijua. "Sura yako si ngeni," akasema. Nikamwambia, "Mimi ni Msiniki, mwalimu." Akafikiri. Kisha akafurahi, akafurahi kabisa! "Loo! Domitila!" Mara ya kwanza kulisikia jina langu kinywani mwake tangu siku ile ya darasani. Nikamshika mkono, nikamtoa nje. Nikamwekea meza ndogo na kiti barazani, pembeni mwa barabara ya sokoni, mahali ambapo kila mtu anapita. Nikamwambia, "Nafasi yako ni hapa, mwalimu. Kila siku."

Na kila siku akaja. Namwekea wali, mchuzi, mfupa nao simnyimi, nashusha pazia, nasimama nyuma yake nikichungulia. Watu wanapita wanaona mzee anatafuna hadharani, wanageuza nyuso, wanatazama chini, wanaharakisha. Ninyi msiotoka huku mtasema ni kitu kidogo. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nashiba. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa akiwaita! "Karibuni! Karibuni tule!" anapunga mkono wenye mchuzi, na watu wanazidi kukimbia. Nikasema uzee umemharibu akili. Mmoja tu alielewa. Leokadia alipita siku moja, akamtazama, akalitazama pazia, akajua niko nyuma yake. Akaja karibu akasema kwa chini, "Domi, una roho mbaya wewe." Nikamjibu, "Ni wewe uliyenyosha mkono." Akaondoka anatabasamu.

Jumanne akafa, Jumatano akazikwa. Juzi akafika dada yake kwa basi, Bi Mwanaidi, kizee kidogo cha Pangani, mgongo umepinda, macho mekundu kwa safari na kilio. Jana ilikuwa kisomo cha kumwombea marehemu, nami nikaenda, kwa sababu nisingekwenda mji ungesema. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, karibu kabisa na barabara. Leokadia alikuwepo, amevaa kitenge kipya, amekuja kutoa mkono wa rambirambi kwa niaba ya tuliosoma wote. Bi Mwanaidi aliposikia jina langu akainuka, akanikumbatia miguu, mtu mzima yule, nikamzuia. "Mwanangu Domitila," akasema, "kaka alikuwa akitupigia simu, habari ni wewe tu. Akisema, hawa watu wa milimani wana mambo, wanakula wamejifungia kama wezi, miaka yote wananiita nyuma ya mapazia. Mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyejua mimi ni nani. Ameniwekea kiti barazani, mbele ya watu, nakirimu wapitao kama niko kwetu. Alisema, nakufa nikiwa mtu wa baraza."

Miaka yote ile. Miaka yote nilikuwa namfunga kengele ya mbwa, na yeye amevaa kilemba! Nikafungua mdomo nimwambie yule mama ukweli, nimwambie kaka yako alikuwa mbwa barazani kwangu na nilimweka pale kwa makusudi. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa bado imeshika yangu. Pembeni yake Leokadia ameelewa yote, na anauma mdomo asicheke. Miaka imepita na bado ananicheka yule mwanamke. Bi Mwanaidi akatandika mkeka mwenyewe, nje, ukingoni mwa turubai, barabara iko pale. Likaja sinia la pilau. "Leo wewe ndiye mgeni wetu mkubwa," akasema. "Keti, mwanangu. Hapa hapa, watu wakuone."

Nikaketi. Nikanawa. Barabarani watu wanapita kutoka sokoni, wananijua wote, mama mwenye mgahawa wa pazia. Nikatia tonge mdomoni. Nyuso zikaanza kugeuka moja moja, kuelekea ukuta, kuelekea mitaro, na Leokadia naye akageuza ya kwake, taratibu, vile vile kama siku ile ya migombani. Ndipo kitu kikanipanda. Nikainua mkono wangu wenye mafuta nikapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Karibu, Mwalimu Leokadia! Karibu tule!" Akasema ameshiba, asante, ameshakula kwake. Bi Mwanaidi alikuwa ameshamshika mkono. "Haiwezekani mwanangu, chakula cha marehemu hakikataliwi." Na ni kweli hakikataliwi, hata huku. Akaketi. Vijana aliowachapa viboko walikuwa wamesimama na bodaboda zao kule ng'ambo, wanatazama mwalimu mkuu wao akimega. Jasho lilimtoka puani. Nikachagua mfupa mkubwa kuliko yote kwenye sinia, nyama bado inaning'inia, nikausogeza mbele yake polepole, namtazama machoni. "Kula," nikamwambia. "Si umezoea kunipa wewe?"

Akauchukua. Bi Mwanaidi akatutazama sisi wawili, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mashallah," akasema, "mnavyopendana. Ndiyo maana kaka hakutaka kuondoka huku."